Sabuni Inayotupwa Jaani

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaosoma maneno haya yakiisha kupigwa chapa, leo twataka kusema nanyi habari ya sabuni. Si ile ya dukani, maana hiyo kila mtu aijua, na bei yake aijua zaidi. Twataka kusema habari ya sabuni inayotupwa jaani kila jioni katika nyumba zetu, wakati wa kumenya ndizi; jinsi iwezavyo kuokotwa, kupikwa na kutumiwa, na tena mahali pasipofaa kuitumaini.

Tuchukue nyumba moja ya Kibimba, katika wilaya ya Ngara, au ya kijiji chochote cha Biharamulo, maana katika jambo hili hatutofautiani. Mche mmoja wa sabuni umenunuliwa siku ya gulio. Kipande cha kwanza chasugua masizi ya sufuria. Cha pili chafua nguo za shamba, na cha tatu sare za shule. Kinachobaki huwekwa juu ya kabati au katika pembe ya dari, watoto wasikipoteze. Na mtoto atokapo chooni, humiminiwa maji matupu mikononi, akaambiwa, “Njoo ule.” Sabuni ipo nyumbani, lakini haipo pale inapohitajiwa kuliko po pote. Hiyo ndiyo hasara tunayotaka kuiondoa: kazi za sufuria, sakafu na nguo nzito zipewe sabuni ya majivu, ili mche wa dukani ukae karibu na choo na karibu na jiko, kwa ajili ya mikono.

Wengine watasema kwamba twakuza jambo dogo. Basi tuone. Mwaka 1993, katika kambi ya Nyamithuthu huko Malawi, walimokaa wakimbizi wa Msumbiji, wataalamu walizifuata nyumba zilizopewa sabuni, wakazilinganisha siku zile sabuni ilipokuwamo na siku zile isipokuwamo. Taarifa yao ilitolewa mwaka 1998: sabuni ilipokuwamo nyumbani, magonjwa ya kuhara yalipungua kwa sehemu 27 katika kila 100. Huko Karachi, katika Pakistani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto wadogo wa nyumba zilizopewa sabuni na mafundisho ya kunawa waliugua kichomi na kuhara kwa kadiri ya nusu tu ya wenzao. Kichomi, wasikilizaji, ni ugonjwa wa mapafu; nao pia ulipungua kwa kunawa mikono.

Watu wa Ngara hawahitaji kupelekwa Malawi ili waelewe. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Waliokuwapo wanajua thamani ya maji na thamani ya sabuni mahali penye watu wengi kiasi kile. Na wenzetu wa Biharamulo wana habari iliyo mpya zaidi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umeonekana katika mkoa wa Kagera. Kitovu chake kilikuwa Biharamulo. Ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi 2025, walihesabiwa wagonjwa wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa kuwa nao, na wote kumi walikuwa wamekufa. Kirusi cha Marburg, kama kile cha korona, kimevikwa ngozi nyembamba ya mafuta. Sabuni huipasua ngozi ile, na kirusi hakiwezi tena kudhuru. Maji matupu hayawezi kufanya hivyo.

Sasa, sabuni ni nini? Maji na mafuta hayapatani. Hilo kila apikaye analijua. Basi sabuni ni kama mshenga kati ya nyumba mbili zisizosemezana. Kila chembe yake ina ncha mbili: moja hupenda mafuta, nyingine hupenda maji. Ncha ya kwanza hushika grisi iliyomo katika nguo au juu ya ngozi. Ya pili hushika maji. Na maji yakimwagwa, huondoka na vyote. Chembe kama hizi hupatikana mafuta yakipikwa pamoja na alikali, yaani kitu kile kikali, chenye utelezi, kilichomo katika majivu. Mfaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyeeleza katika kitabu chake cha mwaka 1823 jinsi mafuta yanavyogawanyika yakikutana na alikali. Lakini watu walikuwa wakipika sabuni maelfu ya miaka kabla yake, bila kujua sababu. Wasomaji wa Biblia wataona kwamba nabii Yeremia ametaja magadi na sabuni pamoja. Na neno lenyewe “alikali” limetoka katika Kiarabu, nalo lahusu majivu ya mimea. Waingereza nao walipoiita potasi waliunganisha maneno yao mawili, la chungu na la majivu, kwa kuwa ilipatikana kwa kuchemsha maji ya majivu katika chungu. Sisi pia tulikuwa na chungu, na majivu tulikuwa nayo. Mabibi zetu katika nchi nyingi za bara walichuja maji ya majivu ili kutia katika maharagwe na mboga. Hatua ya kwanza ya kupika sabuni, basi, si ngeni kwetu.

Majivu hayalingani. Ya kuni yanafaa, lakini ya maganda ya ndizi yanafaa zaidi, kwa sababu mgomba huvuta potasi nyingi katika udongo na kuiweka kwa wingi katika maganda. Hapa yafaa tuseme hesabu bila kudanganyana. Maganda mabichi ni maji matupu kwa sehemu kubwa. Yakianikwa mpaka yavunjike mkononi, kisha yakichomwa, kilo 10 za maganda makavu hutoa kiasi cha kilo 1 ya majivu. Ili kupata kilo hiyo moja, nyumba itahitaji maganda ya mikungu mikubwa kama kumi. Kwa hiyo kazi hii si ya siku moja. Maganda ya kila siku yaanikwe juu ya bati au mkeka, mbali na mbuzi, kisha yawekwe ghalani pakavu mpaka yatoshe. Yachomwe juu ya bati au jiwe safi, siyo juu ya udongo. Yasichanganywe na mifuko ya nailoni wala takataka nyingine. Na majivu yasinyeshewe, maana mvua moja yatosha kuichukua potasi yote na kukuachia vumbi lisilo na kazi. Majivu mazuri ni meupe au ya kijivu. Yakiwa meusi hayajaungua sawasawa, yarudishwe motoni.

Chombo cha kuchujia ni ndoo ya plastiki au chungu kilichotobolewa matundu madogo chini. Ndani yake tandika majani makavu, halafu kitambaa, kisha majivu. Mimina maji ya mvua kidogo kidogo, lita 4 au 5 kwa kilo ya majivu, na chini weka chombo cha kupokea. Twasema maji ya mvua kwa sababu maji ya visima vingine yana chokaa ndani yake, nayo huiharibu sabuni ikawa utando mchafu usiotoa povu. Maji yanayotoka huwa na rangi kama ya chai nyepesi, nayo huteleza. Ule utelezi ndio alama ya alikali. Lakini msiwe na desturi ya kuujaribu kwa vidole, kwa sababu tutakayoisema hivi punde.

Maji hayo peke yake hupika sabuni, ila polepole, nayo hutoka legelege. Ili yawe makali ya kutosha yahitaji chokaa. Kwa kilo moja ya majivu, chukua robo kilo ya chokaa iliyozimwa, ile ipakwayo kutani, uikoroge katika maji ya majivu yakiwa ya moto, uyaache yatulie mpaka asubuhi. Ndani yake hutokea jambo la ajabu kidogo. Potasi ya majivu imefungamana na hewa ya makaa. Chokaa huinyang’anya hewa ile, vikashuka pamoja chini kama chaki nyeupe, na potasi ikabaki majini peke yake, kali kuliko kwanza. Maji ya juu ndiyo yanayotakiwa. Yateke kwa kata bila kuvuruga chini. Lakini chokaa iwe mpya na iwe imefunikwa. Chokaa iliyokaa wazi dukani mwaka mzima imekwisha kuvuta hewa ya makaa yenyewe, nayo ni chaki tayari. Haina nguvu ya kufanya kazi hii. Wengi waliojaribu kupika sabuni wakashindwa, kosa lao lilikuwa katika chokaa, nao wakalaumu majivu.

Kisha maji hayo yachemshwe mpaka yapungue. Kipimo cha zamani ni yai bichi: likizama, maji ni mepesi bado, likielea na kuonyesha juu sehemu ya ukubwa wa sarafu, maji yamekuwa tayari. Kipimo kingine ni unyoya wa kuku. Ukitumbukizwa na kuyeyuka, nguvu imetosha. Na hapa ndipo tunapotaka kila mtu asikilize vizuri, maana kiyeyushacho unyoya huyeyusha na ngozi.

Maji haya hayachezewi. Yakimrukia mtu mkononi, aoshe kwa maji mengi papo hapo. Yakiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20 bila kuacha, kisha aende hospitali, iwe Murgwanza au Rulenge au iliyo karibu naye. Asitiwe ndimu wala dawa ya mtu ye yote. Mtoto akiyanywa, asitapishwe kamwe, kwa kuwa yaliyounguza koo yakishuka yataliunguza tena yakipanda. Apelekwe upesi. Tumesikia watu wakiweka maji ya majivu katika chupa ya soda, kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Chupa ya soda humwita mtoto kwa jina! Wekeni katika chombo kisichofanana na cha kunywea, mkiweke juu, mkitie alama. Wapikaji wafunike mikono kwa mifuko au glavu, wavae viatu, na kazi ifanyike nje mahali penye upepo, watoto wakiwa shuleni.

Jambo jingine ni sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alikali kali huila alumini kama mchwa alavyo boriti: hutokota, hutoa hewa inayoweza kuwaka moto, na sufuria hutoboka. Sabuni ipikwe katika chungu cha udongo au chombo cha chuma. Mtauliza, “Mbona twasugua sufuria kwa majivu kila siku wala hazitoboki?” Majivu makavu yakisuguliwa kidogo na kusuuzwa mara moja hayana muda wa kudhuru. Yakiachwa yamelowana ndani ya sufuria mpaka asubuhi, mtaona madoa meusi na vijishimo. Basi sugueni, msuuze, mwanike.

Tumefika kwenye mafuta. Mafuta yo yote ya kweli yatafaa, ya mmea au ya mnyama. Mawese ya Kigoma ni mazuri sana. Hata yakiwa yamechacha hayaharibu kitu, bali hushika alikali upesi zaidi. Shahamu ya ng’ombe au ya mbuzi, inayotupwa machinjioni, hutoa sabuni ngumu kidogo. Iyeyushwe kwanza katika maji na kuchujwa, harufu ipungue. Mafuta ya nyonyo hutoa sabuni laini, nayo yafaa kuchanganywa na mengine. Lakini mbegu zake ni sumu ya kuua, wala zisiachwe uani watoto wakichezea. Mafuta ya taa na oili ya gari si mafuta kwa kazi hii, na hata yakichemshwa mwezi mzima hayatakuwa sabuni. Twalisema hili kwa sababu limejaribiwa.

Kwa majivu ya kilo 1, anza na mafuta kilo 1. Pasha mafuta moto, utie maji makali kwa kata moja moja, huku ukikoroga kwa mwiko mrefu upande mmoja. Moto uwe mdogo. Chungu kisijae kupita nusu, maana uji huu hufura kwa ghafula kama maziwa. Baada ya saa moja utaona mafuta na maji vikianza kushikana. Baada ya saa tatu au nne uji huwa mzito na wenye kuvutika. Kila mara chukua kidogo, ukiyeyushe katika kikombe cha maji ya mvua ya moto. Matone ya mafuta yakielea juu, alikali haijatosha. Ongeza kata nyingine. Maji yakiwa na povu na bila mafuta, sabuni imeiva. Ikipoa ikawa inawasha ngozi sana, alikali imezidi. Irudishe motoni pamoja na mafuta kidogo. Kilo ya majivu yako na kilo ya majivu ya jirani hazina nguvu moja, ndiyo sababu hatukupi kipimo kimoja cha kufuata kama sheria. Macho na kikombe ndicho kipimo.

Sabuni ya potasi haigandi ikawa mche. Hubaki kama ugali mlaini au kama asali nzito, ya rangi ya kahawia, nayo huwekwa katika mtungi na kutekwa kwa kijiko. Wengine wakiiona hivyo hudhani wamekosea, kumbe ndivyo ilivyo. Kwa kufua na kusugua haina upungufu wo wote. Anayetaka igande, na atie brini nzito ya chumvi, kama ile ya Uvinza, katika uji ungali wa moto. Sabuni itakatika na kupanda juu kama mtindi, na maji yatabaki chini. Kesho yake ikusanywe, ikandwe, ikatwe. Lakini chumvi nyingi hupotea, na kwa kazi za nyumbani hatuoni faida yake. Wenye magadi ya kutosha waweza kuyatumia pamoja na chokaa badala ya majivu, na hiyo sabuni itakuwa ngumu tangu mwanzo, kwa sababu magadi ni ya soda wala si ya potasi. Katika zote mbili, iache ikae wiki nne kabla ya kutumiwa, ukali wake upungue.

Sabuni hii ni ya sufuria, vyombo, sakafu, matambara na nguo nzito. Hatupendi aogeshwe nayo mtoto mchanga, wala ipakwe usoni, maana mpikaji wa nyumbani hawezi kuondoa ukali wote kama wafanyavyo viwandani wenye mizani. Ikiwa mche wa dukani umekwisha kabisa, mikono yaweza kunawiwa kwa hii na kusuuzwa sana. Ikikosekana hii nayo, majivu makavu kidogo pamoja na maji na kusugua ni afadhali kuliko maji matupu, ila msiyahesabu kuwa sawa na sabuni. Miaka ile ya 1980, bidhaa zilipoadimika katika nchi yetu baada ya vita vya Kagera, watu wengi walifulia majani ya mpapai. Walifanya vema kwa wakati wa dhiki. Na Uingereza yenyewe, yenye viwanda vya sabuni vilivyojulikana duniani kote, tangu Februari 1942 iliwagawia watu wake sabuni kwa kadi, kwa kuwa mafuta yalihitajiwa kuwa chakula wakati wa vita.

Yapo na mengine ya nyumbani yasiyohitaji kupikwa, nasi tutayapitia upesi. Ndimu na limau ni tindikali, yaani kinyume cha alikali: huondoa kutu katika nguo, na maganda yake yakichemshwa katika sufuria iliyogeuka nyeusi ndani huirudishia weupe. Lakini wako wanaochanganya magadi na limau, wakifurahi kuona vinavyotokota pamoja. Povu lile ni hewa tu. Tindikali na alikali vimekwisha kuuana, na kilichobaki ni maji ya chumvi chumvi. Ingefaa zaidi kutumia kimoja leo na kingine kesho. Wafugaji wa Ankole, huko Uganda, husafisha vibuyu vya maziwa kwa kuvifukiza moshi wa nyasi maalumu. Moshi huo huzuia vijidudu na huyapa maziwa harufu inayopendwa. Desturi hiyo ina maana, nasi hatuoni sababu ya kuidharau. Sakafu ya samadi ya ng’ombe hutuliza vumbi, kweli. Lakini samadi na udongo huwa na mbegu za pepopunda, kwa hiyo kitovu cha mtoto mchanga kisiguswe nayo, wala kisitiwe majivu, hata kama ndivyo walivyofanya wazee.

Onyo moja limebaki, nalo ni kubwa. Nyumba nyingi sasa zina dawa ya klorini ya kung’arishia nguo. Hiyo isichanganywe na limau, wala siki, wala mkojo, wala na dawa nyingine ya kusafishia choo. Hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na mtu aweza kuanguka humo humo chooni. Tena, nyumba ikipata mgonjwa mwenye homa kali na kutoka damu, au maiti wa ugonjwa kama ule wa Biharamulo, sabuni yetu ya mtungini si silaha ya kumwendea nayo. Msimguse, msioshe matandiko yake, pelekeni habari kwa mganga wa zahanati. Wao wana klorini iliyopimwa na mavazi ya kazi hiyo. Ninyi endeleeni kunawa mikono kwa sabuni.

Kuna swali ambalo mkulima mwangalifu atakuwa amekwisha kuliuliza moyoni: maganda haya si ndiyo mbolea ya migomba? Naam, ndiyo. Potasi inayofua shati imetoka shambani, na mgomba ukikosa potasi mikungu yake hupungua. Kwa hiyo hatuwashauri mchome maganda yote. Tengeni sehemu moja katika tatu kwa sabuni, na mbili ziende kwenye mbolea au kwa mbuzi. Majivu yaliyokwisha kuchujwa, pamoja na ile chaki iliyoshuka chini, bado yana chokaa inayopunguza uchachu wa udongo. Yatawanywe shambani, mbali kidogo na shina. Maji ya kusuuzia nguo zilizofuliwa kwa sabuni hii yana potasi bado. Yakiwa mengi na mepesi, mwageni kwenye migomba, leo shina hili, kesho lile, wala si mahali pamoja kila siku.

Na wale wanaowaza kuuza, wajue kwamba kuuza ni jambo jingine. Sabuni ya kuuza yapasa kufuata kanuni za Shirika la Viwango, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, hufundisha namna ya kuipika kwa kostiki iliyopimwa. Akina mama watano au sita wakijiunga, ada ya mafunzo haitakuwa mzigo. Kwa nyumba moja iliyo na chungu na maganda, yatosha kuanza na kilo moja ya majivu, mvua ikipungua na jua likiwa la kuanikia. Na mche wa dukani usogezwe leo leo, utoke kabatini, ukae penye kata ya maji karibu na mlango wa choo, chini kiasi cha mkono wa mtoto kufika.